Ofisi ya wakili ni amana: usafi wake huanzia ndani ya jalada

BISMILLAHIR-RAHMANIR-RAHIM. Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, Mwadilifu asiyemdhulumu kiumbe chake chochote. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake, na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya sala alinijia kijana niliyemfundisha Kurani alipokuwa mdogo, na ambaye leo ni wakili. Baada ya kuamkiana, alinieleza kuwa yeye na wenzake wawili wamefungua ofisi ya uwakili hapa Dar es Salaam. Tangu siku ya kwanza walinuia ofisi hiyo iwe na sifa mbili: isiwe chanzo cha uharibifu wa mazingira, na iwe na manufaa kwa jamii inayoizunguka. Wamekwisha kupunguza matumizi ya karatasi, wameweka taa zinazotumia umeme kidogo, wamepanda miti katika uwanja wa shule ya jirani, na kila Alhamisi alasiri huwasikiliza bila malipo watu wasio na uwezo.

Nilimpongeza, lakini hakuwa amekuja kupongezwa. "Sheikh," alisema, "mwezi huu tumefuatwa na kiwanda kimoja. Kinataka tuwe mawakili wake kwa mwaka mzima, na ada yake peke yake inatosha kulipia pango la ofisi na mishahara ya watumishi wote. Kesi ya kwanza ni ya wakazi wanaolalamika kuwa maji machafu ya kiwanda yanaingia katika kijito chao. Tumezisoma nyaraka, na wakazi wanasema kweli. Wenzangu wanasema tukikataa sisi atachukua mwingine, na kwamba kila mtu ana haki ya kutetewa. Je, dini inasemaje?"

Nilimwomba anipe wiki moja. Baadaye niliona kuwa swali lake si lake peke yake. Wako wazazi miongoni mwetu wanaowasomesha watoto wao sheria. Ziko familia zinazokwenda kwa wakili kwa ajili ya mirathi, kiwanja au talaka. Na ziko familia zinazoishi mkondo wa chini wa viwanda. Kwa hiyo, jibu nililompa kijana huyo nimeona nilieleze hapa, ili wote tunufaike, inshaallah.

Uwakili ni kazi halali yenye mipaka

Neno wakili limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mtu anayekabidhiwa jambo la mwenzake alisimamie. Wanazuoni wa fikihi wameandika mlango mzima unaoitwa wakala, na ndani yake wamejadili uwakili katika mashauri. Miongoni mwa hoja zao ni kuwa Sayyidna Ali (R.A.), pamoja na elimu na ufasaha wake, alimkabidhi nduguye Aqil amwakilishe katika mashauri, na Aqil alipozeeka akamkabidhi Abdullah bin Jaafar. Imepokewa kuwa alikuwa akichelea mabishano ya mahakamani, kwa kuwa shetani hayakosi. Tunapata hapa mambo mawili: kwamba kumwakilisha mtu ni halali, na kwamba mahali penyewe ni pa hatari kwa dini ya mtu.

Hatari hiyo imeelezwa waziwazi katika Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wafasiri wamesimulia kuwa mtu wa ukoo wa Bani Ubayriq mjini Madina aliiba deraya na unga. Alipohofia kugundulika, wizi huo ulisukumiwa kwa mtu asiye na hatia, ambaye kwa mujibu wa riwaya mashuhuri alikuwa Myahudi. Jamaa wa mwizi walikwenda kwa Mtume (S.A.W.), wakamtetea ndugu yao kwa maneno mazuri, hata hukumu ikakaribia kumwangukia asiyekosa. Ndipo zikashuka aya zilizomkataza Mtume kuwa mtetezi wa wahaini. Katika aya ya 109 wale watetezi wanakabiliwa na swali zito: hapa duniani mmewatetea, basi ni nani atakayewatetea mbele ya Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama? Na neno la Kiarabu linalofunga aya hiyo ni hilo hilo tulilolizoea: wakili.

Tazama, ewe ndugu yangu, uadilifu ulioje huu. Mwizi alikuwa anahesabiwa miongoni mwa Waislamu, na aliyesingiziwa hakuwa Muislamu. Hata hivyo, aya zilishuka kumsafisha asiye na kosa, wala udugu wa dini haukutangulizwa mbele ya haki.

Aidha, katika Hadithi iliyopokewa na Ummu Salama (R.A.), na kupatikana katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa yeye ni mwanadamu, kwamba watu humletea mashauri yao, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa mujibu wa anayoyasikia. Basi atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo ajue kuwa amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa mteja anabeba kipande cha moto, je, wakili aliyemkatia kwa ulimi wake atasalimika mikono? Kushinda kesi ni jambo moja, na kuwa na haki ni jambo jingine.

Uchafuzi wa mazingira ni dhulma

Baadhi yetu tukisikia neno mazingira tunadhani ni mambo ya semina. Lakini Kurani, katika Suratur-Rum aya ya 41, imeeleza kuwa ufisadi umedhihiri barani na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Na katika Suratul-Baqara aya ya 205 amesimangwa mtu ambaye, akipata madaraka, huenda mbio katika ardhi akiangamiza mimea na vizazi. Aya iliyotangulia imemtaja mtu huyo kuwa ni mwenye kauli ya kupendeza, tena hodari wa ubishi kuliko wote. Wanasheria wana haki ya kuzisoma aya hizo mbili pamoja, na kuzisoma polepole.

Mtume (S.A.W.) naye ametupigia mfano wa watu waliopiga kura wakagawana jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipohitaji maji walilazimika kupita kwa wenzao wa juu, wakawaza watoboe tundu katika sehemu yao ili wasimsumbue mtu. Wakiachwa watoboe, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Hadithi hii imo katika Bukhari. Mwenye kiwanda anayesema "bomba ni langu na eneo ni langu" anasema maneno ya watu wa chini ya jahazi. Na wakili anayemwambia "toboa, nitakutetea" naye yumo ndani ya jahazi hilo hilo.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko mbali na maana hii. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na sheria hiyo imemfungulia njia ya kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Hata kabla yake, mwaka 1988, wakazi wa Tabata walilishitaki Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwaletea moshi, harufu na inzi. Mahakama Kuu iliwapa haki. Jiji liliporudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka hapo, Jaji Lugakingira alishangazwa na mamlaka ya umma kuiomba mahakama ruhusa ya kuhatarisha uhai wa watu, akalifungamanisha jambo hilo na haki ya kuishi iliyomo katika Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, ambako nako watu walikuwa wakiishi. Wakazi 795 walikwenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda.

Tukitoka Dar es Salaam tukafuata mwambao kuelekea kaskazini, tunafika Lamu, mji wa misikiti na wanazuoni, ambao Mji Mkongwe wake uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Huko palipangwa kujengwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. Wakazi, kupitia umoja wao wa Save Lamu, walipinga kibali cha mradi huo, na tarehe 26 Juni, 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya lilikifuta. Miongoni mwa sababu zake ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliosimama upande wa wavuvi na wakazi hao walikuwemo mawakili wa Taasisi ya Katiba ya Nairobi.

Nimeitaja mifano hii kwa makusudi. Miti ishirini katika uwanja wa shule ni jambo jema, na Hadithi sahihi imetufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake. Lakini dampo lililofungwa au kibali kilichofutwa huwaepushia dhara watu maelfu. Vivyo hivyo, kesi moja ya dhulma iliyoshinda kwa hila hufuta athari ya miti yote iliyopandwa. Ndiyo maana nasema usafi wa ofisi ya wakili huanzia ndani ya jalada, kisha ndipo utoke uende kwenye taa, karatasi na bustani.

Jibu langu kwa kijana

Kijana aliporudi nilimwambia: mwanangu, tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Kuna kutetea haki ya mtu, na kuna kutetea kosa lake. Mwenye kiwanda, hata akiwa mkosa, ana haki zake. Ana haki asidaiwe fidia na mtu ambaye hakudhurika. Ana haki adhabu isizidi kiwango cha sheria. Ana haki asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na apewe muda wa busara wa kujenga mtambo wa kusafishia maji. Wakili akiyasimamia hayo hana lawama, bali anaisaidia mahakama kutenda uadilifu.

Lililoharamishwa ni jingine. Ni kukana mahakamani jambo analolijua kuwa ni kweli. Ni kutafuta mtaalamu wa kuandika ripoti kwa kadiri alivyolipwa. Ni kuweka pingamizi juu ya pingamizi na kuomba ahirisho juu ya ahirisho, si kwa kuwa kuna hoja, bali ili wakazi waishiwe nauli na subira. Ni kupita usiku na bahasha kuwagawa wazee wa mtaa. Katika Suratul-Maida aya ya 2 tumeamrishwa kusaidiana katika wema na uchamungu, na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui. Na kanuni iliyojengwa juu ya Hadithi inayokataza kudhuru na kulipizana dhara ni nguzo ya fikihi nzima.

Basi nilimshauri wakiandikie kiwanda masharti matatu. Kwanza, hawatasema mahakamani neno wanalojua kuwa ni la uongo. Pili, kiwanda kianze mara moja kuzuia maji machafu yasiingie kijitoni, maana dhara linaloendelea halisubiri hukumu. Tatu, wapewe ruhusa ya kukutana na wakazi kwa ajili ya sulhu na fidia ya haki. Kikikubali, wachukue kazi, na huenda wakawa sababu ya kheri kwa pande zote. Kikikataa, waiache ada pamoja na mwenyewe.

Wakiiacha, wachunge pia amana ya siri. Nyaraka walizozisoma wamezisoma kwa kuaminiwa, kwa hiyo hawana ruhusa ya kuzichukua na kuwapelekea wakazi. Lakini siri ya mteja haigeuzwi pazia la kuendeleza dhara, na sheria ya nchi nayo haimkingi wakili anayeshiriki kutenda kosa.

Ama ile kauli ya "tukikataa sisi atachukua mwingine," hiyo ni kauli ya kale. Muuza pombe huisema, na mla riba huisema. Lau ingekuwa ni hoja, pasingebaki haramu hata moja duniani. Kila nafsi itabeba mzigo wake, na hatutaulizwa yaliyofanywa na ofisi ya jirani.

Karatasi, maji na umeme

Baada ya jalada, sasa tuje kwenye meza. Kazi ya uwakili hula karatasi kama moto ulavyo kuni. Hati ya madai huwa na viambatisho, na kila mdaiwa hupewa nakala, mahakama nakala, na jalada la ofisi nakala. Shauri la kurasa 100 lenye wadaiwa wanne humaliza zaidi ya rimu moja kabla halijatajwa hata mara moja. Tangu zilipotungwa kanuni za mwaka 2018 za kuwasilisha nyaraka mahakamani kwa njia ya kielektroniki, mzigo huo unaweza kupungua, lakini ofisi nyingine hutuma kwa kompyuta kisha huchapa tena kila kitu kwa mazoea. Kuchapa pande zote mbili za karatasi, kusahihisha rasimu kwenye kompyuta badala ya kuichapa mara tano, na kufuatilia kwa video mashauri yanayoruhusu badala ya kuendesha gari hadi mkoa mwingine, hizi ni hatua zisizohitaji mtaji.

Lipo jingine ambalo wengi hawalioni. Siku moja nilinunua karanga barabarani, na nilipoifungua ile karatasi nikakuta ni ukurasa wa kiapo katika shauri la talaka, wenye majina ya mume na mke na mambo yao ya ndani. Sikuweza kuzila zile karanga. Karatasi ile ilitoka katika ofisi fulani, na bila shaka aliyeiuza au kuitupa alidhani ni takataka tu. Karatasi za wateja zikatwekatwe kwanza, kisha ndipo zipelekwe kwa wanaozitengeneza upya. Hapo ofisi itakuwa imehifadhi mazingira na kusitiri aibu za watu kwa pamoja.

Kuhusu maji, Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika robo tatu ya lita. Leo katika vyoo vya ofisi zetu bomba bovu humwaga ndoo nzima kwa usiku mmoja, na hakuna anayeona kuwa ni jambo la dini. Kuhusu umeme, imesimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Abdul-Aziz alikuwa akifanya kazi za umma kwa taa iliyowashwa kwa mali ya umma, na mtu akimjia kwa mazungumzo ya binafsi huizima na kuwasha yake. Sisi tunaacha viyoyozi vikiunguruma katika vyumba vitupu. Na katika ofisi nyingine baridi huwa kali hata watumishi huvaa makoti mwezi wa Januari, wakati nje watu wanatoka jasho. Suratul-A'raf aya ya 31 imetukataza israfu hata katika chakula na kinywaji kilicho halali. Je, upotevu usiomnufaisha mtu yeyote utakuwa na udhuru gani?

Mnyonge, mtumishi na pesa za wateja

Kabla ya utume, Mtume wetu (S.A.W.) akiwa kijana alishuhudia mapatano yaliyoitwa Hilful-Fudhul, katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Sababu yake ni mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen aliyeuza bidhaa zake Makka kwa mkubwa mmoja wa mji, As bin Wail, naye akamnyima malipo. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumsimamia, akapaza sauti karibu na Al-Kaaba. Baadhi ya koo za Makureshi zikaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Baada ya utume, Mtume (S.A.W.) aliyataja mapatano yale kwa fahari, akabainisha kuwa lau angeitwa tena kwa mfano wake katika Uislamu angeitika. Huo ndio msaada wa kisheria, kabla halijabuniwa jina lake.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo pia imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaowafikia watu huko waliko. Mawakili wetu wasiuchukulie msaada huu kuwa makombo ya muda wao. Mjane anayesikilizwa Alhamisi bila malipo anastahiki jalada lililopangwa vizuri kama la tajiri, na aelezwe shauri lake kwa lugha anayoielewa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo hakuna udhuru wa kumsainisha mtu karatasi asiyoijua maana yake.

Baadhi ya mawakili wameniuliza kama kazi hiyo ya bure wanaweza kuihesabu kuwa ni zaka. Jawabu, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, ni hapana. Zaka ni mali inayotolewa na kumilikishwa anayestahiki, na huduma si mali ya namna hiyo. Msaada huo ni sadaka yenye ujira mkubwa, lakini zaka ya faida ya ofisi ibaki palepale.

Wajibu kwa jamii huanzia pia kwa walio ndani. Ofisi inayowasaidia maskini wa nje huku mfagizi wake hajalipwa miezi miwili imekosea mlango wa kuanzia. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Vijana waliomaliza chuo na wanaojifunza kazi chini ya mawakili nao wana nauli na chakula cha mchana. Wasifanywe watumwa kwa jina la mafunzo.

Yapo mambo mawili ya fedha yanayohitaji tahadhari. La kwanza ni pesa za wateja. Sheria inamtaka wakili azitenge na pesa zake, na dini inaziita amana. Anayekopa fidia ya yatima kulipia pango, hata kwa nia ya kurudisha, ameihini amana hiyo. La pili ni ankara. Suratul-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Saa ya kazi ni kipimo kama pishi na mizani, na anayeandika saa tano kwa kazi ya saa mbili ni mpunjaji hata akivaa suti. Tukiongeza hapo ile inayoitwa pesa ya chai kwa karani ili jalada lionekane au lipotee, tumefika kwenye laana ya mtoa rushwa na mpokeaji wake. Huo ndio uchafuzi mbaya kuliko moshi.

Nasaha kwa familia

Ndugu Waislamu, ofisi za mawakili huwa kama wateja wanavyozitaka ziwe. Tukimwendea wakili na kumwambia "nataka ushindi tu, kwa njia yoyote," tumemnunua kwa ajili ya haramu. Tumwulize maswali mengine: je, katika jambo hili mimi nina haki? Je, hakuna njia ya sulhu? Gharama yake yote itafika wapi? Nimewaona ndugu wa tumbo moja wakigombea nyumba ya marehemu baba yao kwa miaka mingi, mpaka nyumba ikauzwa na sehemu kubwa ya thamani yake ikaishia katika gharama za kesi. Kurani, katika Suratun-Nisaa aya ya 128, imetaja kuwa sulhu ni kheri. Wakili mchamungu ni yule anayemwambia mteja maneno hayo ingawa yanampunguzia ada.

Na nyinyi wazazi wenye watoto vyuoni, msiwaulize tu kuwa watalipwa shilingi ngapi. Waulizeni watamtetea nani, na katika lipi. Wafundisheni tangu nyumbani kufunga bomba, kuzima taa na kusema kweli hata juu ya nafsi zao, kama Suratun-Nisaa aya ya 135 inavyotuamrisha. Mwenye kuyazoea hayo akiwa mtoto hayatamwia mageni atakapovaa joho.

Ndugu msomaji, pengine utapenda kujua kijana yule alifanya nini. Walikaa wote watatu, wakabishana hadi usiku, kisha wakaiandika barua ya masharti matatu na kuituma. Mmoja wao hakuridhika, ingawa alitia saini. Mpaka ninapoandika makala haya kiwanda hakijajibu, na pango la ofisi linadaiwa mwisho wa mwezi. Sikumwahidi kuwa mteja mwingine atabisha hodi kesho, kwa sababu hilo silijui. Nilimkumbusha tu yaliyomo mwanzoni mwa Suratut-Talaq, kwamba anayemcha Mwenyezi Mungu hutengenezewa njia ya kutokea, na huruzukiwa kwa namna asiyoitazamia. Akaitikia amina, akaniomba niwaombee dua yeye na wenzake. Nami nawaomba nyinyi mtuunge mkono katika dua hiyo.

Ewe Mola wetu, tujaalie kuwa watetezi wa haki wala usitujaalie kuwa watetezi wa wahaini. Zisafishe chumo zetu, maji yetu na nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.